Kabla ya Kamba na Daraja, Nani Anatembea Mbele?

Wiki hii yote simu yangu imejaa watu wakiwa Ngare Ndare. Unaijua ile vidio: daraja la waya juu ya miti, kama mita 450 hivi, msee anatembea ameshikilia pande zote mbili anajifanya haogopi, halafu mwisho anaruka kwenye maji ya buluu yenye baridi hadi anasahau jina lake. Poa sana. Mi sina shida nayo, na tena msitu ule jamii za hapo zimo kwenye usimamizi, kwa hiyo pesa ya getini haipotelei Nairobi yote.

Shida ni beshte yangu mmoja wa Garissa aliyenitumia hiyo vidio na swali: "Si na sisi tujenge kitu kama hii Boni, tuweke loji, watalii waje?" Mimi ni mtoto wa Hulugho. Msitu wa Boni kwetu si picha, ni kitu wazazi walituambia tusikaribie. Nimelizungusha hilo swali kichwani siku tatu na jibu langu ni hapana, si kwa kuanzia na kamba. Niwaeleze kwa nini, na itabidi nipitie Kakamega kwanza.

Nilisoma chuo upande wa magharibi kabla niache. (Hiyo ya kuacha ni stori ya siku ingine, na hapana, mama hajanisamehe bado.) Kitu kimoja nilichotoka nacho huko, mbali na deni, ni asubuhi moja ndani ya msitu wa Kakamega. Ule ndio msitu wa mvua wenyewe, kipande cha mwisho upande huu cha msitu mkubwa uliokuwa umeungana na Kongo, kimebaki kama kilomita 240 za mraba. Kwa mtu aliyekulia Hulugho, ambako mvua ikinyesha watu wanapigiana simu, kuona majani yanayodondosha maji siku ambayo haijanyesha ni maajabu.

Tulilala kwa vibanda vya Isecheno, tukaamshwa saa kumi na nusu alfajiri. Mwongozaji alikuwa kijana wa kijiji cha hapo, labda miaka mitano kunizidi, viatu vya mpira, tochi moja. Safari ilikuwa kupanda kilima cha Lirhanda tukaone jua likichomoza. Hakuna kamba, hakuna kofia ngumu, hakuna fomu ya kusaini kwamba ukifa ni shauri yako. Tunatembea tu gizani nyuma ya mtu mmoja.

Na maze, huyo mtu! Anasimama, anazima tochi, anasema ngojeni. Tunangoja. Juu kabisa kitu kinanguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka. Mbega, anasema, dume, anaambia wenzake hapa ni kwake. Mbele kidogo anamulika mti na kutuonyesha makovu kwenye gome: watu walikuwa wanakuja kulichuna wakaliuze, linaenda ng'ambo kutengenezwa dawa ya tezi dume, na mti ukichunwa kuzunguka shina lote unakufa umesimama. Alisema anamjua mmoja wa waliokuwa wakichuna. Alipoona hatusemi kitu akaongeza, "ni mjomba wangu," akaendelea kutembea.

Jua lilichomoza, ndiyo, ukungu umelala juu ya miti kama maziwa yamemwagika. Nilipiga picha. Sijui hata iko wapi sasa. Lakini ule mti na ule mjomba ninawakumbuka mpaka leo. Hicho ndicho nilicholipia bila kujua: mtu anayeujua msitu kwa sababu umemlea, umelisha familia yake kwa njia nzuri na mbaya, na sasa anakula kwa kuulinda.

Sasa turudi kwetu.

Kwanza tuseme ukweli, Boni si msitu wa mvua. Ni msitu mkavu wa pwani, vichaka na miti mirefu vimechanganyika, mbung'o kibao. Hifadhi ya Taifa ya Boni ilitangazwa 1976, kilomita 1,339 za mraba, inapakana na Somalia, na Dodori iko jirani upande wa Lamu. Na ina vitu ambavyo Kakamega haina. Mwaka 2010 watafiti walitangaza kwamba kamera walizotega huko zilinasa sengi mkubwa, yule mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo, ambaye huenda hakuwa amewahi kuandikwa na sayansi. Yaani mnyama mzima, hapa kwetu, na sisi tunajua majina ya wanyama wa Amazon kupitia vidio. Ukienda upande wa Ishaqbini, jamii ilitenga ardhi yake kwa ajili ya hirola. Mwaka 2012 walizungushia sehemu uzio na kuingiza hirola 48 ili wazaane bila kuliwa na simba. Dunia nzima hirola wa porini hawafiki 500. Wako Garissa. Si Maasai Mara, Garissa.

Na Boni ina Waaweer. Wengi mnawajua kama Waboni, jina ambalo wengi wao hawalipendi, na wana haki. Tuongee kama watu wazima hapa: sisi wafugaji tumewadharau hawa watu. Nimekua nikisikia utani kuhusu wanachokula na kwamba hawana hata mbuzi mmoja. Nimeucheka huo utani. Wallahi sasa naona aibu, kwa sababu ukiniweka mimi ndani ya ule msitu saa mbili tu nitakuwa nalia naitana mama, na mzee wa Kiaweer atakuwa amepata maji, chakula na njia ya kurudi.

Hawa ni watu wa kuwinda na kutafuta asali. Wanamwita kwa mluzi yule ndege anayeongoza watu hadi kwenye mzinga. Watu wanamfuata, wanatoa asali, na ndege anabaki na masega. Kama unadhani hiyo ni hadithi ya bibi, kuna utafiti uliochapishwa 1989 kuhusu Waborana huko kaskazini wanaofanya hivyo hivyo: bila ndege, kupata mzinga kuliwachukua wastani wa saa 8.9, wakiwa na ndege, saa 3.2. Hebu niambie ni daraja gani la waya linaweza kushindana na hiyo. Mgeni anatembea kwa mguu nyuma ya mzee, mzee anapiga mluzi, ndege anajibu. Mtu atatoka Ujerumani kwa ajili ya hiyo. Mimi mwenyewe nitatoka hapa nilipo.

Lakini angalia tulichowafanyia. Mwaka 1977 uwindaji ulipigwa marufuku Kenya nzima. Sheria yenyewe ilikuwa na sababu, ndovu walikuwa wanamalizwa, lakini mtu aliyelala akiwa mwindaji kama babu yake aliamka akiwa jangili. Halafu Septemba 2015 ikaja Operesheni Linda Boni, kwa sababu al-Shabaab walikuwa wameugeuza msitu kuwa maficho. Nayo ilikuwa na sababu, watu walikuwa wamekufa. Ila matokeo kwa Mwaaweer ni yale yale: usiingie. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo huenda hajawahi kufuata ndege hata mara moja. Na hii elimu haiko kwenye kitabu. Iko miguuni. Usipotembea inaisha.

Na hapa nisieleweke vibaya: simwambii mtu yeyote afunge begi aje Boni leo. Usije. Hali ya usalama si ya kuchezea, na nyumbani kwetu tunazika watu, hatutafuti maoni. (Na siku ukija, tafadhali sema "mwongozaji". Ukisema "gaidi" ukimaanisha ile ya Kiingereza, mbele ya kizuizi cha polisi wa Hulugho, utajieleza mpaka jioni.)

Ninachosema ni kwamba siku itafika. Bandari ya Lamu ilifunguliwa 2021, lami inavutwa kupitia Ijara kuelekea Garissa, na pesa huwa inafuata lami. Atakuja mtu na ramani, atajenga loji ya mbao na vitanda vyenye vyandarua vyeupe, ataleta kamba za kuteleza kwenye miti. Mwongozaji atatoka mbali na beji yake ya shaba au fedha kifuani. Sisi tutabeba mabegi. Waaweer wataitwa jioni wacheze ngoma wageni wakila. Mnajua itakuwa hivyo kwa sababu mmeshaona ikiwa hivyo kwingine.

Beshte yangu anasema kamba inaleta kazi haraka. Kweli. Lakini kamba inaweza kufungwa popote, hata juu ya maegesho ya magari Nairobi. Mgeni akipata iliyo ndefu zaidi kwingine hatarudi. Na ikipata kutu, fundi na waya vyote vinatoka mbali.

Kwa hiyo kabla ya loji, tuanze na watu. Ishaqbini tayari kuna askari wa wanyama waliotoka kwenye jamii na kuna ardhi inayotembeleka. Kaunti ya Garissa ikitenga hela ya kuwalipa wazee kumi wa Kiaweer watembee huko na vijana, wao na sisi, mwaka mmoja, ni bei ya semina moja ya hotelini Mombasa. Majina ya miti yaandikwe kwa Kiaweer kwanza. Na beji za waongozaji zitolewe kwa kupima mtu porini, maana huyo mzee hajawahi kushika karatasi ya mtihani. Mimi niliyeacha chuo sina uso wa kumdai mtu cheti.

Mwezi uliopita nilikaa na mzee mmoja Mwaaweer anayeishi upande wetu. Nilimwamkia Adeer, akashangaa kidogo, nadhani vijana wetu hawamwiti hivyo. Nikamwambia kuhusu Kakamega, kwamba watu wanalipa kuongozwa kutembea msituni. Alicheka mpaka akakohoa. Akauliza, "Wanalipa kutembea tu?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza, halafu akauliza yule kijana wa Kakamega analipwa ngapi. Nikamtajia. Akapiga hesabu kwa vidole.

Nimerekodi majina ya miti 31 kutoka kwake, na jumamosi narudi na betri ya pili.