Moto wodini: Busia na Tororo, dakika za kwanza ni za muuguzi

Moto unapozuka wodini usiku, wa kwanza kukabiliana nao si askari wa zimamoto bali muuguzi wa zamu. Atakachokifanya kabla gari la zimamoto halijafika ndicho kitakachoamua nani atatoka salama. Katika Busia na Tororo, ambako wagonjwa huvuka mpaka kutafuta matibabu, suala hilo linazihusu nchi mbili kwa pamoja.

Onyo limekwishatolewa mahali pengine. Mei 2022, moto katika hospitali ya mji wa Tivaouane, Senegal, uliua watoto wachanga 11, na waziri wa afya akafutwa kazi. Mwaka mmoja kabla, mlipuko wa mitungi ya oksijeni katika hospitali ya Ibn al-Khatib, Baghdad, ulisababisha vifo vya watu zaidi ya 80. Nchini Uganda kwenyewe, Oktoba 2022, watu 11 waliteketea katika shule ya wasioona ya Salama, wilayani Mukono. Walioathirika katika mikasa hiyo wanafanana kwa jambo moja: wengi wao wasingeweza kujiokoa bila kushikwa mkono au kubebwa.

Mpaka mmoja, mamlaka mbili

Tangu Februari 2018, kituo cha pamoja cha mpakani mjini Busia kimerahisisha upitaji wa watu na mizigo. Huduma za zimamoto, hata hivyo, zina wenyewe wawili. Nchini Uganda ziko chini ya Jeshi la Polisi. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 imezikabidhi serikali za kaunti. Kwa hiyo mfanyakazi wa hospitali ya Masafu au ya Tororo hupiga simu kwa polisi, ilhali mwenzake wa hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Busia huitegemea kaunti.

Sheria hazikosekani. Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Kanuni za Kenya za kupunguza hatari ya moto, za mwaka huohuo wa 2007, zinataka mazoezi ya kujiokoa yafanyike angalau mara moja kila baada ya miezi 12. Ila mtungi wa kuzimia moto ulioning'inia ukutani haumsaidii mtu ambaye hajawahi kuushika.

Anachopaswa kukijua mfanyakazi

Mafunzo yenyewe hayahitaji fedha nyingi. Oksijeni haiwaki, lakini huuchochea moto kwa kasi kubwa. Hivyo kila zamu ijue valvu ya kuifunga iko wapi, na nani ana idhini ya kuifunga pale mgonjwa anapoitegemea. Moto wa umeme haumwagiwi maji kabla umeme haujakatwa. Mgonjwa asiyeweza kutembea huweza kukokotwa juu ya godoro au shuka hadi wodi ya jirani iliyo salama, na mlango ukafungwa nyuma yake ili kuuzuia moshi. Ufunguo wa mlango wa dharura usiwe mfukoni mwa mtu aliyekwenda nyumbani.

Kuna kundi ambalo mipango mingi hulisahau: jamaa wanaouguza wagonjwa, wanaolala sakafuni na kwenye korido. Siku ya moto, hao ama ni mikono ya ziada ya kubeba, ama ni msongamano mlangoni. Tofauti ni maelekezo waliyopewa siku walipofika.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Katika wodi moja ya mpakani hulala Msamia, Mteso na Mjapadhola, na Kiswahili ndicho mara nyingi huwaunganisha. Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi. Bango la njia ya kutokea lililoandikwa kwa Kiingereza pekee haliwezi kumwongoza mama asiyekisoma, tena gizani na katikati ya moshi.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Kwa wakuu wa hospitali za pande zote mbili, kipimo cha tahadhari hiyo ni swali moja: muuguzi wa zamu ya usiku wa leo alifanya mazoezi lini mara ya mwisho?