Gari la Babu na Daftari Lake

Ndugu msomaji, wenye umri mkubwa miongoni mwetu wanaikumbuka vema Peugeot 404, ambayo wengi waliiita Pijo. Ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, na haikuchukua muda ikajipatia heshima Afrika Mashariki. Ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, kisha miaka 3 mfululizo: 1966, 1967 na 1968. Basi si ajabu kwamba wazee wengi waliojaliwa kununua gari waliitamani hiyo.

Nazijua nyumba mbili zilizorithi gari la namna hiyo.

Katika nyumba ya kwanza, baba alifariki bila kusema neno. Mtoto wa kwanza alilidai gari kwa ukubwa wake. Wa pili alilidai kwa kuwa ndiye aliyelipia matengenezo. Wa tatu akaficha ufunguo. Hakuna aliyekwenda mahakamani kuomba msimamizi wa mirathi, na kadi ikabaki na jina la marehemu. Gari likakaa chini ya mwembe. Hewa ya chumvi ya pwani haina huruma: kutu ilianza milangoni, ikaila sakafu. Hatimaye liliuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Fedha ziliisha upesi, uhasama ungalipo.

Nyumba ya pili ni ya mzee mmoja wa Temeke, aliyekuwa fundi wa reli. Gari lake lilibeba maharusi, wafiwa, na waja wazito usiku wa manane. Ndani yake aliweka daftari, akaandika kila siku aliyobadili oili, kila plagi aliyotia, na kila breki iliyotengenezwa. Nguvu zilipompungua, aliwaita watoto wote mbele ya mama yao, akasema:

"Gari hili sasa ni la dada yenu, kwa kuwa ndiye aliyekubali kuchafua mikono."

Wanaume walinung'unika. Mzee hakubishana nao. Alilifungua daftari, akawaonyesha mwandiko wa binti yake, ukurasa baada ya ukurasa. Haukupita muda, kadi ikaandikwa jina la binti. Mzee alipofariki, watoto wake walilia pamoja, na hakuna aliyetafuta ufunguo.

Hivi sasa mjukuu ana leseni, naye analitaka gari. Mama yake amempa daftari kwanza. Kijana aliuliza kwa nini wasinunue gari jipya.

"Tutanunua, Mungu akipenda," mama alimjibu. "Lakini jifunze kutunza kabla ya kumiliki. Na siku breki za hili zitakaposhindikana, halitabeba mtoto wa mtu tena, hata kama babu yako alilipenda namna gani."

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Iwe ni gari, cherehani au kiwanja, usingoje kitanda cha hospitali ndipo uanze kunong'ona. Sema ungali na nguvu, mbele ya wote; andika; badili kadi. Na yule unayetaka kumwachia, awe wa kiume au wa kike, mwite Jumapili hii hii akushikie spana.