Ndeng'a Umenunua, Ushuru Umeruka

Wasee wa majuu, leo ni zamu yenu. Na nyinyi wa huku mnaojiona mtapanda ndege siku moja, msikize pia, kwa sababu hii tabia huanzia nyumbani.

Kuna ujanja unasambazwa na Wakenya walio Marekani kama siri ya utajiri. Unataka bastola? Usinunue duka la mtaani kwako. Ingia mtandaoni, tafuta muuzaji mdogo wa Montana, ambako hakuna ushuru wa mauzo, akutumie. Umeokoa doh. Kwisha.

Si kwisha. Hujaokoa kitu. Umehamisha deni kutoka kwa muuzaji hadi kwako, halafu ukajifanya hulioni.

Wacha nieleze kwa ramani yetu. Fikiria VAT ingekuwa ya kaunti: Nairobi inatoza asilimia 16, Machakos haitozi kitu. Kila mtu wa South B angenunua friji Mlolongo. Nairobi haiwezi kuweka forodha pale barabarani. Ingefanya nini? Ingesema: friji ukiitumia Nairobi, lipa hiyo 16 mwenyewe. Hiyo ndiyo Wamarekani wanaita ushuru wa matumizi. Ni pacha wa ushuru wa mauzo: muuzaji asipokata, mnunuzi analipa. Na kama ulikuwa umelipa kiasi katika jimbo lingine, kwa kawaida unaongeza tofauti tu. Hakuna kulipishwa mara mbili.

Tuhesabu. Uko Texas. Jimbo linatoza asilimia 6.25, na serikali za mtaa zinaweza kuongeza hadi 2. Bastola ya dola 600, kwa kiwango cha juu cha 8.25, ni dola 49.50. Hiyo ndiyo "siri ya utajiri" yenu. Dola 49.50! Buda, umelipa bei ya usafirishaji, umelipa ada ya duka lililoipokea, halafu shujaa wako ni kuruka dola 49.50?

Na hapa ndipo bunduki inatofautiana na sofa. Sofa inaweza kufika kwako bila mtu kujua. Bastola, hapana. Sheria ya Marekani ya 1968 hairuhusu raia wa kawaida kuichukua bastola mkononi kwa muuzaji wa jimbo lingine na kuondoka nayo. Lazima itumwe kwa duka lenye leseni kwenye jimbo lako, ujaze fomu 4473, na rekodi zako zikaguliwe. Kwa hivyo yule mwenye duka uliyemkwepa ndiye unarudi kusimama kwenye kaunta yake. Yeye analipa kodi ya nyumba, anaajiri, anakusanya ushuru kwa kila anachouza. Wewe unamtumia kama posta. Ni sawa na kwenda Luthuli, kushika simu, kuuliza maswali nusu saa, halafu kununua kwa msee asiye na risiti ya eTIMS.

Najua majibu yenu. La kwanza: "Wayfair ilimaliza hayo." Kweli, mwaka 2018 Mahakama ya Juu katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair iliruhusu majimbo kuwalazimisha wauzaji wa mbali kukusanya ushuru. Lakini sheria ya South Dakota yenyewe iliwaacha nje wauzaji wadogo, walio chini ya mauzo ya dola 100,000 au oda 200 kwa mwaka. Na nyinyi mnawatafuta hao wadogo makusudi.

La pili: "Bunduki tayari ina ushuru wa serikali kuu." Ipo: asilimia 10 kwa bastola, 11 kwa bunduki ndefu na risasi. Huo hutozwa mtengenezaji au mwagizaji, na pesa zinaenda kuhifadhi wanyamapori. Hauhusiani na deni lako la jimbo.

La tatu ndilo lenye uzito: "Hii ni haki ya kikatiba, haki haitozwi." Sawa. Magazeti nayo yana haki ya kikatiba. Mwaka 1983 gazeti la Minneapolis lilishinda kesi dhidi ya ushuru wa matumizi uliowekwa kwa karatasi na wino pekee. Lakini mahakama hiyo hiyo ilisema ushuru wa jumla, unaolipwa na kila mtu, magazeti pia yanalipa. Kwa hivyo ukitaka kupigana na ushuru maalum wa bunduki, kama ule wa asilimia 11 ulioanza California Julai 2024, pigana. Una hoja. Lakini ushuru wa friji na viatu hauwezi kugeuka dhuluma eti kwa sababu umenunua ndeng'a.

Juni 2024 vijana wa hapa walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Mchana, nyuso wazi, na ukaondolewa. Hiyo ni kupinga ushuru. Kununua kimyakimya, kisha kujiita mmiliki wa bunduki anayetii sheria, hiyo ni kitu ingine.

Tena nyinyi mna la kupoteza kuliko mzawa. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua bunduki, lakini siku akiomba uraia, fomu N-400 inamuuliza waziwazi kama ana deni la ushuru lililopitisha muda, la serikali kuu, jimbo au mtaa. Unajibu chini ya kiapo. Sisemi utafukuzwa kwa dola 49.50. Nauliza tu: unataka kukaa mbele ya ofisa ukihesabu kama jibu lako ni uongo?

Basi fanya hivi. Angalia risiti: ushuru umekatwa? Umemaliza. Haujakatwa? Soma sheria ya jimbo lako. Minnesota, kwa mfano, haimdai mtu binafsi kama manunuzi yake ya aina hiyo hayazidi dola 770 kwa mwaka. Texas haina ushuru wa mshahara wa jimbo, kwa hivyo kuna fomu yake pekee ya ushuru wa matumizi. Ijaze, lipa, weka nakala.

Kama pesa ya bunduki ilipatikana, ya barabara utakayoibebea haikosekani.