Maoni Yetu: Kabla ya kupanda ndege, apande dungu

Ngarambe, wilayani Rufiji, ni jirani wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na huko shamba lisilo na dungu ni shamba la nguruwe na tembo. Dungu ni kibanda juu ya nguzo. Mkulima hulala humo mazao yanapokaribia kuiva, akiyalinda. Hupanda kwa ngazi ya miti. Mzee mwenye goti bovu naye hupanda ngazi hiyohiyo, maana watoto wako Dar es Salaam na mahindi hayajilindi. Mkongojo hubaki chini, umeegemea nguzo.

Tunauliza: katika vijana wetu wanaopelekwa ng'ambo kusomea teknolojia saidizi kwa wazee na watu wenye ulemavu, nani amewahi kutumwa kuitazama ngazi hii?

Hatupingi safari. Maabara nzuri ziko London, ziko Boston, na kijana aende. Ugomvi wetu ni swali analobeba mkobani. Anayekwenda mikono mitupu hupewa swali la mwenyeji wake, mathalani roboti ya kumhudumia mzee anayeishi peke yake ghorofa ya tano, penye lifti. Ni swali halali kabisa, ila si la Rufiji.

Mfano tunao. Mwaka 2005 mwanafunzi wa uhandisi wa MIT, Amos Winter, alikuja Tanzania kuangalia hali ya viti mwendo. Kiti cha hospitali, chenye vigurudumu vidogo mbele, huzama mchangani. Baiskeli ya magurudumu matatu hufika mbali, lakini mlangoni haipiti. Yeye na wenzake wakaunda kiti chenye nyenzo mbili, kinachotumia mnyororo na vipuri vya baiskeli ya kawaida: ukishika wenzo juu unapata nguvu ya kupandia mlima, ukishika chini unapata mwendo. Kwenye karatasi hakikuwa na dosari. Kilipoletwa Afrika Mashariki, watumiaji wakasema wazi kwamba ni kizito na ndani ya nyumba kinasumbua. Kikarudi kuchongwa upya, kikawa chepesi na chembamba zaidi. Winter leo ni profesa hukohuko MIT. Ukaguzi mgumu kuliko wote aliupata kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga chuo chake.

Basi na waje wengine kama yeye. Mwaka 1904 na 1905 watu walitembea siku nyingi kumfuata Kinjikitile, mganga wa Maji Maji, hapa Ngarambe. Njia ya kuja huku si ngeni. Ila wasije kiangazi tu. Waje masika, udongo mweusi unaponata kwenye gurudumu mpaka linagoma. Na muda wa mzee wanayemhoji ulipwe, kama unavyolipwa wa profesa.

Wala ng'ambo si lazima ivuke bahari. Moshi, kwenye viwanja vya hospitali ya KCMC, kiko TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanza mwaka 1981 na kinachopokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mganda akija Moshi yuko ng'ambo, na anarudi kwao na ufundi unaofanana na barabara zao. Fedha za ufadhili zinazokwenda moja kwa moja Ulaya zingepitia kwanza hapo.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF walisema mwaka 2022 kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaokihitaji. Orodha ya Shirika hilo ya mwaka 2016 ina vifaa 50 vya kupewa kipaumbele, na vingi havina makuu: miwani, fimbo, kiti cha chooni. Asicheke mtu kuhusu kiti cha chooni. Mwenye nyonga mbovu aliyewahi kuchuchumaa juu ya shimo, kashika ukuta wa makuti unaoyumba, anajua tunachosema.

Rufiji pia si pori lisilo na kumbukumbu. Kaya za huku zilianza kufuatiliwa na watafiti wa afya mwaka 1998: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Mtafiti wa vifaa saidizi atakuta njia imeshafyekwa.

Wanaotoa ufadhili waweke sharti: miezi mitatu ya kwanza kijijini, na tasnifu isipite mpaka kifaa kirudi kijijini kikiwa na fundi baiskeli wa pale anayeweza kukitengeneza. Tungeanza na ngazi. Vipandio vipana, vilivyokaribiana, na pa kushika mkono. Hiyo haitaki hataza. Inataka mwanafunzi aliyelala dunguni usiku mmoja, akasikia mwenyeji wake anavyoshuka saa nane kwenda kujisaidia.