Acheni kukopi profaili za abiria!

Jamani, nyinyi mnaoandika programu za mawakala wa usafiri, nani aliwafundisha kurudia anwani ya bili ya kampuni kwenye profaili ya kila mfanyakazi wake? Nimefungua hifadhidata ya wakala mmoja hapa Nairobi (jina ninalo, silitaji). Kampuni moja, abiria mia mbili, anwani ile ile mara mia mbili! Wakihama ofisi, dada wa tiketi ana kazi ya wiki nzima.

Na Galileo ililimaliza jambo hili tangu enzi za kuandika amri kwenye skrini. Faili lake la wateja lina ngazi: wakala, kampuni, mtu binafsi. Kila mstari una alama yake: huu unahamia kwenye bukingi daima, huu ukichaguliwa tu, huu hauhami kamwe.

Alama hiyo ya tatu ndiyo ninayoipigania. Abiria anakula mboga tu? Shirika la ndege lijue. Lakini "huyu hulipa kwa kuchelewa" ni siri ya ofisi. Ninyi mmeweka kisanduku kimoja cha "maelezo", na ndani mna kila kitu, hata nambari ya pasipoti iliyokwisha muda miaka iliyopita. Ikihamia kwenye bukingi, anayehangaika kaunta pale JKIA si ninyi.

Msiniambie diski ni rahisi siku hizi. Tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data, nayo inampa mtu haki ya kudai habari zake zisahihishwe. Akija kesho, mtasahihisha nakala ngapi?