Picha ya Bidhaa ni Amana



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wazee wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ilitungwa wakati ambapo muuzaji na mnunuzi walikaa mtaa mmoja. Bibi aliyechoma mahamri mazuri pale Kibokoni hakuhitaji mpiga debe. Harufu ya iliki ilitoka dirishani, ikamwita mpita njia. Leo mnunuzi wa mahamri yale yale yuko Likoni, au Mtwapa, au Malindi, na harufu haivuki kivuko. Kinachovuka ni picha. Kwa hivyo hata kizuri hakina budi kutembezwa siku hizi, na miguu yake ni simu.

Hatuoni aibu yoyote katika jambo hilo. Twawajua kina mama wa pwani hii wanaolisha watoto kwa sambusa, achari ya embe, mabuyu, udi, hina na mabaibui, nao hawana duka wala kodi ya duka. Kuna mjane, kuna aliyeachwa na watoto, kuna ambaye mumewe amekosa kazi, na kuna binti aliyemaliza masomo akangoja ajira isiyokuja. Kwa watu hawa mitandao ya kijamii ni mlango wa riziki, na mlango wa riziki ya halali haufungwi.

Tena wana kiigizo. Mama wa Waumini, Bibi Khadija binti Khuwaylid, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Makka. Mali yake ilifika Shamu ilhali mwenyewe amebaki nyumbani kwake. Ilifikaje? Ilipelekwa na wakala. Na alipomtafuta wakala, alimchagua Muhammad bin Abdillah kabla hajapewa utume, kwa sababu ya ukweli na uaminifu aliosifika nao. Mama wa leo hutuma picha. Picha ndiyo wakala wake: yaenda mahali asipofika, yasema kwa niaba yake, na mtu aamini. Basi na aichague kama Bibi Khadija alivyochagua, kwa ukweli kabla ya uzuri.

Asidhani mtu kwamba kuipamba bidhaa kwa maneno ni jambo la kuletwa na simu. Vitabu vya adabu ya Kiarabu vyasimulia kisa cha mfanyabiashara wa Iraki aliyefika Madina na shela za rangi mbalimbali. Zote zikauzwa isipokuwa nyeusi. Akamlalamikia rafiki yake, Miskin ad-Darimi, mshairi aliyekuwa ameacha ushairi na kushika ibada msikitini. Yule bwana akamtungia beti chache juu ya mrembo aliyejitanda shela nyeusi, zikaenea mjini, na haikupita muda shela nyeusi hazikubaki hata moja. Kisha mshairi akarejea msikitini kwake. Hapa hatuzungumzii mapenzi ya washairi. Tunalotaka msomaji alione ni kwamba shela ile ilipofika nyumbani kwa mnunuzi, ilikuwa ni shela, na ilikuwa nyeusi. Sifa ilivutia, lakini haikubadilisha bidhaa.

Hapo ndipo penye mpaka. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenyewe, naye akasema imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyorowa juu, watu wakaiona; na akabainisha kwamba mwenye kudanganya hayumo katika njia yake. Tuizingatie hadithi hii vizuri. Yule mtu hakusema neno la uongo. Alipanga tu: kikavu juu, kibichi chini. Na je, picha zetu si mpango wa namna hiyo? Baibui hupigwa picha upande usio na doa. Sinia ya viazi karai hupigwa kwa karibu mpaka kila kiazi kikawa kama yai la bata. Rangi ya kitambaa hung'arishwa kwa programu ya simu, na mteja aliyeagiza zambarau akapokea kahawia.

Kwa hivyo twawausia mama zetu na binti zetu hivi. Piga picha ya bidhaa yako mwenyewe, karibu na dirisha, asubuhi, kwa mwanga wa Mungu. Ni bora kuliko mapambo yote ya programu. Weka kitu kinachojulikana kando yake, kikombe au sahani, ili ukubwa uonekane. Taja uzito, idadi au vipimo: sambusa ngapi katika pakiti, achari gramu ngapi, baibui inchi ngapi. Kama kuna kasoro, ipige picha nayo, na bei uipunguze. Kipungufu kilichotajwa hununuliwa na anayekiridhia, ama kilichofichwa hurudi na matusi.

Tukija kwenye jambo zito kuliko yote, nalo ni kuuza kwa picha ya kuazima. Binti huchukua picha za mabaibui kwa muuza jumla wa Eastleigh au wa Dubai, akaziweka kwenye ukurasa wake, akapokea pesa, ndipo aende kutafuta mali. Tulijiwa na mama mmoja baada ya darasa, amebeba mfuko. Alikuwa amemwagizia bintiye vazi la Idi, akalipa pesa zote, na lililoletwa usiku wa kuamkia sikukuu halikuwa la kitambaa kile wala la kipimo kile. Aliyemuuzia naye alikuwa akilia, kwa kuwa muuza jumla alimletea alicholeta, na zile pesa hazikuwa mkononi mwake tena. Hapo walidhulumiwa wawili, na hakuna aliyekusudia wizi.

Suala hili si geni. Sahaba Hakim bin Hizam alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mtu anayemjia akitaka kununua kitu ambacho yeye Hakim hanacho, kisha aende kumnunulia sokoni. Mtume akamkataza kuuza asichokuwa nacho. Lakini sheria yetu haikufunga mlango ikaondoka. Iliacha njia zilizo wazi, nasi tutazitaja.

Njia ya kwanza ni kununua kwanza, hata vazi moja moja, kisha kuuza ulichokishika. Ni njia ya polepole, lakini ndiyo yenye usingizi mtamu.

Ya pili ni uwakala. Mwambie mteja waziwazi: "Mimi si mwenye mali. Nitakununulia kwa bei ya duka, na ujira wangu ni shilingi kadhaa." Ujira ujulikane tangu mwanzo. Hapo hujauza usichonacho. Umeuza huduma yako, na hiyo unayo.

Ya tatu ni salam. Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja na hata miwili kabla ya kuvunwa. Akawaruhusu kwa sharti kwamba kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, thamani yote hulipwa pale pale mnapoafikiana, na muuzaji hubeba dhima ya kuleta kitu kwa sifa zile zile. Basi taja kitambaa, rangi, kipimo na siku. Siku ikifika na mali haipo, mnunuzi ana hiari ya kungoja au kurejeshewa pesa zake, kamili.

Ama kazi ya kutengenezewa, kama keki ya harusi au nguo ya kushonwa, ambayo aghalabu mteja hulipa nusu kwanza, wanazuoni wa Kihanafi waliipitisha kwa jina la istisnai. Na Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu lenye makao yake Jeddah lilikubali mwaka 1992 kwamba malipo yake yaweza kucheleweshwa au kugawanywa, maadamu aina, kiasi, sifa na muda vimebainishwa. Kwa hivyo mshonaji na mpishi wa keki wana nafasi, ila waandike.

Na lile tangazo la "mali ikiuzwa hairudishwi" lisimpe mtu kiburi. Muuzaji aliyeijua kasoro akaificha haokolewi na maandishi yake mwenyewe.

Kuna tabia mbili ndogo twaziona zikienea. Moja ni kuficha bei na kumwambia kila anayeuliza aje pembeni. Mteja hudhani, na mara nyingine hakosei, kwamba bei hupimwa kwa sura yake na mtaa wake. Iandike bei, asiye na uwezo atapita kwa heshima yake. Nyingine ni kuwapanga madada na mabinamu waandike sifa chini ya picha kana kwamba wamenunua. Katika soko la zamani mtu aliyepandisha bei bila nia ya kununua, ili kumhadaa mwingine, aliitwa mfanya najshi, na Mtume (s.a.w.) alikikataza kitendo hicho. Sifa ya uongo katika simu ni ndugu yake. Mwombe mteja wa kweli aandike neno lake, hata kama atataja kwamba pilipili ilizidi. Neno hilo la pilipili ndilo litakalowafanya watu waamini mengine.

Sasa tuseme machache juu ya chombo chenyewe. Stetasi ya WhatsApp hudumu saa 24, kwa hivyo yafaa kwa chakula cha siku: weka asubuhi kitakachopikwa, na jioni useme kimekwisha. Orodha ya matangazo ya WhatsApp huwafikia watu 256 kwa mara moja, na huwafikia wale tu waliohifadhi nambari yako. Basi mwombe mteja akuhifadhi, usimrushie ujumbe asiyeutaka. Programu ya WhatsApp ya biashara, iliyoanza mwaka 2018, ina mahali pa kupanga bidhaa na bei zake kama rafu ya duka, na hailipiwi. Facebook na Instagram zafaa kwa vinavyodumu, kama udi, nguo na mikeka. Na kikundi cha ukoo au cha msikiti kisigeuzwe soko ila kwa idhini ya wenyewe. Watu waliingia humo kwa habari za wagonjwa na mazishi.

Katika pesa, tahadhari. Usitoe mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe katika simu ya mteja, wala kwa ujumbe uliotoka nambari ya mtu binafsi. Tazama salio lako mwenyewe la M-Pesa. Naye mnunuzi alisome jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha malipo. Akikosea, aupeleke ujumbe wa muamala kwa 456 upesi kuomba pesa zirejeshwe. Kisha andikeni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni aya ya kuandikiana deni, na wazee wakatwambia mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shilingi chache latosha: nani ameagiza, nini, kwa siku gani, kalipa ngapi.

Wapaka hina tuna neno nao mahsusi. Mikono ya bibi harusi si bango lenu. Huenda yeye hataki kuonekana, na kumwomba ruhusa ni adabu kabla ya kuwa sheria. Na sheria pia ipo, kwani Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ya nchi yetu yampa mtu haki juu ya habari zake. Fanyeni maua yenu kwenye karatasi au kwenye mkono wa aliyeridhia. Na mnapotumia piko, semeni ni piko. Hina ni jani. Piko huchanganywa na dawa ya kupaka nywele rangi nyeusi, na wako waliotoka malengelenge yaliyowaachia kovu. Kuiita hina nyeusi ya asili ni ile nafaka iliyorowa, imefunikwa kwa nafaka kavu.

Mwisho, mteja wa kwanza asije akawa ndiye wa mwisho kula kizuri. Mgema akisifiwa, wazee walisema, tembo hulitia maji. Na ingawa tembo lenyewe halituhusu, maji yake yatuhusu sana. Sambusa iliyojaa nyama siku ya picha, na ikajaa vitunguu mwezi wa pili, imeshavunja ahadi.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Mtandao waweza kukuletea wateja elfu, baraka hauleti. Hiyo huja kwa yule aliyefungua mfuko mbele ya mteja na kilichomo kikafanana na picha.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie mama zetu na dada zetu milango ya riziki ya halali, aitie baraka mikono yao, na awaepushe na kudhulumu na kudhulumiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.