Nani Amemwacha Beatrice Peke Yake?

Na Wanjiru Kamande

Hadithi fupi, yaani utungo wa nathari unaojifunga kwenye tukio moja na wahusika wachache, haina nafasi ya kusimulia historia nzima ya jamii, na kwa sababu hiyo mwandishi stadi huibebesha historia hiyo mtu mmoja aliyetengwa na wenzake. Ndivyo alivyofanya Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru aliyefariki Mei 2025, katika “Minutes of Glory”, mojawapo ya hadithi za mkusanyiko wake Secret Lives wa mwaka 1975. Mhusika mkuu ni Beatrice, mhudumu wa baa anayelipenda jina lake la ubatizo kuliko lile la Wanjiru, na anayeichukia ngozi yake nyeusi hata akaipaka krimu za kuichubua.

Kuisoma hadithi hii kama kisa cha umaskini peke yake ni kuipunja. Uhuru umekwisha kupatikana na mkoloni ameondoka, lakini kipimo chake cha rangi kimebaki, sasa kikiuzwa dukani ndani ya kopo, na anayekigharimia ni yule asiye na kitu. Tabaka, yaani kundi la watu wanaolingana kwa mali na kwa nafasi yao katika uchumi, limerithi kazi ya kubagua iliyokuwa ikifanywa na rangi. Upweke wa Beatrice unachimbuka hapo. Baa imejaa watu, ila hakuna anayemsikiliza. Hata dereva wa lori, ambaye naye amekuja na machungu ya kudharauliwa na wenye nacho, humsimulia yake yote, na zamu ya Beatrice inapofika, dereva amekwisha kusinzia. Hakuna mahali pengine katika mkusanyiko huo panapoonyesha kwa ukali kama hapa jinsi dhuluma inavyowanyima wanyonge hata uwezo wa kufarijiana.

Ken Walibora, aliyesoma na kufundisha Marekani, alikiona kidonda hichohicho ng'ambo. Katika “Damu Nyeusi”, hadithi iliyoupa jina mkusanyiko wa mwaka 2007 aliouhariri pamoja na Said A. Mohamed, mwanafunzi Fikirini anabaguliwa na Wazungu, kisha anatendwa vibaya na watu weusi aliowadhania ndugu. Visiwa vya Karibi navyo vina ushahidi wake: Olive Senior wa Jamaika, katika “Bright Thursdays”, anamsawiri Laura, mtoto wa mama maskini mweusi anayepelekwa kulelewa kwa wazazi matajiri wa baba yake mwenye rangi nyeupe zaidi, akapewa chakula na kitanda lakini asipewe ukoo.

Mambo haya hayako mbali na Mwihoko. Wadi hiyo ya Ruiru, yenye majengo ya ghorofa ya kupangisha yaliyobanana, imo katika ukanda uliokuwa wa mashamba makubwa ya walowezi, na katika Ruiru hiyohiyo umejengwa Tatu City, mji wa wenye uwezo, juu ya ardhi iliyokuwa shamba la kahawa. Mwanafunzi anayeishi huku na kusikia habari za kule ana kila sababu ya kumwelewa Beatrice, lakini darasani hufundishwa kuorodhesha maudhui kwa ajili ya mtihani: ubaguzi wa rangi mstari mmoja, utabaka mstari mwingine, upweke ukiachwa kabisa au ukitajwa kama udhaifu wa mhusika. Orodha hiyo inampatia alama huku ikimficha ukweli kwamba mambo hayo matatu ni jambo moja, kwa kuwa mtu hutengwa na watu, kwa faida ya watu.

Walimu wa fasihi wa Ruiru na Thika wanaombwa waiweke orodha kando, walau kwa kipindi kimoja, na wamuulize mwanafunzi: ni nani aliyemwacha mhusika huyu peke yake, na alinufaika nini?